Mtutu Mpya kwa Mwili wa Kale

Hoja ni hii: bunduki ambayo mwili wake ni mzima lakini risasi zake zimeadimika, je, ni busara kuing'oa mtutu na kuitia mwingine wa kipenyo tofauti?

Pwani yetu imeliishi swali hili. Mwaka 1895, Kampuni ya Imperial British East Africa (IBEA) ilipoikabidhi serikali ya Uingereza nchi hii na Mombasa ikawa makao ya kikosi cha East Africa Rifles, bunduki ya askari ilikuwa Martini-Henry, yenye tundu la inchi 0.45. Miaka michache baadaye, mikononi mwa King's African Rifles (KAR) iliyoundwa 1902, palikuwa na Martini tena, umbo lilelile na wenzo uleule chini ya mkono, lakini tundu lake lilikuwa limeshuka hadi inchi 0.303. Mwili ulibaki, mtutu ukageuka. Nani alifaidika, na ni mambo gani yalihitaji kupimwa kwanza?

Mjadala huu nimeupanga mwenyewe, kwa sauti tatu za watu wa aina ya wale wanaokaa barazani Mji wa Kale baada ya Alasiri. Fundi ni mzee aliyetumia umri wake kwenye mashine za kukereza chuma huko Kilindini. Karani ni hirimu yake, mtunza ghala mstaafu. Mwalimu ni mwanamke wa makamo anayesomesha historia. Nimewaacha waseme kwa kirefu pale wanapokijua kitu.

FUNDI: Mimi nasema igeuzwe. Chuma kizuri hakitupwi. Waingereza wenyewe walianza hivyo mwaka 1866. Walikuwa na bunduki za Enfield zilizopakiwa kwa mdomo wa mtutu, nyingi mno, na dunia ilikuwa imeingia kwenye bunduki za kupakiwa nyuma. Wakachukua ubunifu wa Mmarekani Jacob Snider: mtutu unakatwa sehemu ya nyuma, panatiwa kifuniko chenye bawaba, risasi inaingizwa hapo. Mti uleule na mtutu uleule, na askari ghafla anapiga mara kadhaa kwa dakika badala ya kuhangaika na mdeki. Gharama ilikuwa ndogo kuliko ya bunduki mpya. Hiyo ndiyo akili ya fundi.

KARANI: Subiri, ndugu yangu. Hapo umetupa mfano mzuri wa jambo jingine. Snider hakugusa kipenyo. Enfield ilikuwa 0.577 na Snider ikabaki 0.577. Alibadilisha mlango wa kuingilia risasi, hakubadilisha tundu. Sisi tunajadili tundu.

FUNDI: Taib. Basi tuje kwenye Martini. Ile ni kazi ya watu wawili. Mtambo ni wa Friedrich von Martini wa Uswisi, mtutu ni wa Alexander Henry wa Edinburgh. Jeshi la Uingereza liliipokea 1871. Ndani ya mwili wake mna kipande kizito cha chuma kinachoshuka ukivuta wenzo na kupanda ukiurudisha, kikaziba nyuma ya risasi. Ni mtambo wenye nguvu kweli. Ndiyo maana ilipokuja risasi ya 0.303 walithubutu kuigeuza. Lakini kuthubutu kwao hakukuwa kwa kubahatisha, na hapa ndipo nataka vijana wanisikie, maana wapo wanaodhani kubadili kipenyo ni kama kubadili mpira wa mfereji.

La kwanza ni shinikizo. Risasi ya Martini-Henry ilijaa baruti nyeusi, gramu tano na nusu hivi, ikisukuma kichwa cha risasi cha gramu 31. Baruti nyeusi huwaka kwa msukumo mkubwa lakini wa polepole kidogo. Kodaiti, ile baruti isiyo na moshi iliyokuja kutumika kwenye 0.303, inasukuma kichwa cha gramu 14 tu, kwa mwendo wa mita 600 hivi kwa sekunde, na shinikizo lake chumbani ni takriban maradufu ya lile la zamani. Mtutu mpya hauondoi tatizo hilo. Shinikizo linarudi nyuma, kwenye mtambo wa zamani, kwenye pini, kwenye kile kipande kinachoziba. Ukitia mtutu wa kisasa kwenye mwili uliochoka, utakaoumia ni mwili, na nyuma ya mwili pana uso wa mtu.

MWALIMU: Ami Fundi, kwa hivyo swali la kwanza si mtutu mpya ni mzuri kiasi gani. Ni mwili wa zamani unahimili nini.

FUNDI: Naam, mwanangu. La pili ni kitako cha ganda. Ganda la Martini-Henry lina ukingo wa milimita 19 hivi. La 0.303 ni chini ya 14. Kile kijino kinachong'oa ganda lililokwisha kulipuka kilichongwa kushika ukingo mpana. Ukikiletea ukingo mwembamba, kinashika hewa. Ikabidi nacho kibadilishwe. Tena Martini ilikuwa na kovu hapo: risasi zake za mwanzo zilikuwa za bati jembamba la shaba lililokunjwa, na katika vita vya Sudan, 1884 na 1885, maganda yalikwama chumbani katikati ya mapigano, kwa joto na vumbi. Askari alivuta wenzo, ganda likachanika, bunduki ikageuka rungu. Kwa hiyo kung'oa ganda si jambo dogo la kumalizia. Mtu anaweza kufa nalo.

Hapa ningependa kuongeza mfano ambao Fundi hakuutaja, kwa sababu unaonyesha jambo hili kuliko mingine. Baada ya Vita Kuu ya Pili, nchi za NATO zilipokubaliana juu ya risasi ya 7.62, Israeli iligeuza bunduki zake za Mauser kutoka 7.92 na kazi ikawa nyepesi kwa kiasi: vitako vya maganda ya risasi hizo mbili vinalingana kwa karibu sana, hivyo komeo na kijino chake vilifaa kama vilivyo. Waingereza walijaribu jambo hilohilo kwa Lee-Enfield yao, ile ambayo wengi wetu Kenya tunaijua kwa jina la Mark Four kutoka mikononi mwa polisi wa akiba. Risasi ya 0.303 ina ukingo uliojitokeza, ya 7.62 haina. Hapo hakukuwa na mtutu tu. Kulihitajika kazi kwenye komeo, kijino na kasha la risasi. Majaribio ya kuigeuza kwa askari wa kawaida hayakuridhisha, wakaiacha. Waliyoifanikisha ni bunduki ya walenga shabaha, L42A1, mwaka 1970, iliyogeuzwa kwa uangalifu mkubwa na kwa idadi ndogo. Milimita chache za ukingo ziliamua hatima ya mradi mzima.

FUNDI: Ahsante. La tatu ni mifereji iliyojipinda ndani ya mtutu, ile inayokizungusha kichwa cha risasi kisiyumbe. Martini za mwanzo zilizogeuzwa zilitiwa mifereji ya Metford, isiyo na kina na ya mviringo, iliyobuniwa ili masizi ya baruti nyeusi yasigande. Kisha ikaja kodaiti, moto wake mkali ukaila ile mifereji. Ikabidi 1895 waje na mifereji ya Enfield, yenye kina na kona za mraba. Ndiyo maana utasikia Martini-Metford, kisha Martini-Enfield. Bunduki moja, ugeuzaji juu ya ugeuzaji, kwa sababu mara ya kwanza walifikiria tundu na hawakufikiria baruti itakayopita ndani yake. Na vilengeo pia, usivisahau. Risasi nyepesi yenye mwendo hushuka kidogo kuliko ile nzito ya zamani kwa umbali uleule. Kilengeo kilichochongwa kwa 0.45 kinadanganya kwenye 0.303.

KARANI: Fundi amesema ya chuma, na sina la kumpinga. Mimi nitasema ya ghala. Katikati ya miaka ya 1880 kiwanda cha Enfield kilitengeneza Martini mpya ya kipenyo cha inchi 0.402. Maelfu yalikwisha kutengenezwa. Bunduki nzuri, hakuna aliyelalamikia mtutu wake. Lakini kabla hazijagawiwa, ikaonekana wazi kwamba bunduki ya kasha itakayofuata itakuwa ya 0.303. Fikirieni: jeshi lina 0.45 kila koloni, linaleta 0.402, kisha linakuja 0.303. Aina tatu za risasi, zote kwa bunduki zinazofanana machoni. Wakazichukua zile 0.402 zote wakazirudisha kuwa 0.45. Hizo ndizo Martini-Henry Mark IV. Yaani waligeuza bunduki kwenda kwenye kipenyo cha zamani, si kipya, kwa sababu risasi za zamani ndizo zilizokuwa ghalani kuanzia Bara Hindi hadi Afrika Kusini.

FUNDI: Hilo nakubali lilikuwa busara.

KARANI: Basi umekubali hoja yangu. Kipenyo sahihi ni kile ambacho sanduku lake litafika. Nendeni Ngomeni mkaangalie. Fort Jesus ina mizinga miwili ya vita vya 1914. Mmoja ni wa Pegasus, manowari ya Kiingereza iliyozamishwa Unguja tarehe 20 Septemba 1914. Wa pili ni wa Königsberg, manowari ya Kijerumani iliyoizamisha. Wa Mwingereza ni inchi nne, yaani milimita 101.6. Wa Mjerumani ni 105. Tofauti haifiki milimita nne, mtoto asingeiona kwa macho. Na hakuna hata kombora moja la huyu ambalo lingefaa kwa yule.

MWALIMU: Na wa Königsberg ulipandishwa nchi kavu.

KARANI: Ndiyo kusudi la mfano wangu. Wajerumani waliizamisha meli yao wenyewe katika delta ya Rufiji, Julai 1915, ilipokwisha kupigwa vibaya. Wakaitoa mizinga yake kumi majini, wakaipeleka Dar es Salaam, na mafundi wa karakana ya huko wakaitengenezea magari ya magurudumu. Mzinga wa meli ukawa wa nchi kavu. Fundi, kazi kama hiyo ungeipenda.

FUNDI: Ningeipenda sana.

KARANI: Waligeuza kila kitu isipokuwa tundu. Hawakuwa na njia ya kugusa tundu, kwa sababu makombora yao yote yalikuwa ya 105, yale ya melini na yale yaliyoletwa na meli ya msaada iliyofika ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga, mwaka 1915. Na mzinga uliokosa makombora uliharibiwa na wenyewe ukaachwa njiani. Angalieni pia bunduki zao. Askari wengi wa Kijerumani walianza vita na Mauser ya 1871, ya milimita 11, ya baruti nyeusi. Kila mlio ulitoa wingu la moshi lililomwonyesha adui walipo. Walizigeuza? Hapana. Walipowashinda Waingereza Tanga, Novemba 1914, walikusanya mamia ya bunduki za 0.303 na risasi laki sita pamoja nazo. Wakazitumia vilevile zilivyo. Ile meli ya Manza ikaleta bunduki nyingine za kisasa pamoja na risasi zake. Bunduki na chakula chake, kwa pamoja. Hiyo ni njia ya tatu ambayo Fundi hajaitaja: usigeuze, badilisha yote.

FUNDI: Kwa aliyeshinda vita, njia ni nyingi. Aliyefungiwa na manowari nje ya bandari hana duka la kununua. Na mwenye bunduki moja ya babu yake?

MWALIMU: Hapo ndipo naomba niingie, kwa sababu mnazungumza kama kwamba bunduki ni ya jeshi daima, na ghala ni la serikali daima. Mimi nasoma historia ya watu waliokuwa upande wa pili wa mtutu. Kwenye mwambao huu bunduki ya watu ilikuwa gobore. Gobore halina adabu kuhusu kipenyo. Tundu lake ni laini, halina mifereji; risasi unaisubu mwenyewe kwa madini ya risasi yaliyoyeyushwa, ikiwa ndogo unaifunga kitambaa. Baruti unanunua, ukikosa fataki unarudi kwenye jiwe. Mtu wa Takaungu au wa Gazi angeweza kulilisha gobore lake bila kumwomba mtu wa London.

Bunduki ya kupakiwa nyuma ni tofauti. Ganda lake linatoka kiwandani. Mataifa ya Ulaya yaliyakinisha hilo mwaka 1890 kwenye Mkataba wa Brussels: katika eneo kubwa la Afrika, bunduki za mifereji na za kupakiwa nyuma zilizuiwa kuuzwa kwa wenyeji, lakini gobore la jiwe na baruti ya kawaida vikaruhusiwa. Walijua wanachokifanya. Miaka mitano baadaye Mbaruk bin Rashid wa Mazrui alisimama dhidi ya Waingereza. Ngome yake ya Mwele ilianguka Agosti 1895, na Aprili 1896 akavuka mpaka kuingia upande wa Wajerumani. Sababu za kushindwa kwake ni nyingi, sitazipunguza ziwe moja. Lakini upande mmoja ulikuwa na meli zinazoleta risasi za kipimo kimoja kutoka Bara Hindi na Uingereza, na upande wa pili ukaishi kwa kile ulichoweza kukipata.

KARANI: Mwalimu, umeisema hoja yangu kwa uchungu zaidi.

MWALIMU: Naam, lakini natoa hukumu tofauti. Wewe unasema chagua kipenyo ambacho sanduku lake litafika. Mimi nauliza: nani anayelileta hilo sanduku, na atalifunga lini? Kila ugeuzaji wa kipenyo ni kuhama kutoka kwa mlishaji mmoja kwenda kwa mwingine. Martini ilipogeuzwa kuwa 0.303, askari wa KAR hakupata nguvu yoyote mpya ya kwake. Aliyepata ni mwenye kiwanda cha kodaiti.

Nasimama kidogo hapa kwa sababu naona Mwalimu amegusa kiini. Tunapojadili ugeuzaji wa kipenyo huwa tunaanza na chuma: shinikizo, ukingo, mifereji. Yote hayo ni ya lazima, na anayeyaruka anahatarisha macho yake. Lakini hayo yana majibu, na fundi mwenye vipimo atayapata. Kinachoamua kama kazi ilikuwa na maana ni ugavi, na ugavi ni suala la mamlaka. Mimi nipo upande wa Mwalimu katika hili, ingawa nadhani anamnyima Fundi haki yake kidogo: kuna watu ambao ugeuzaji uliwaongezea miaka ya kutumia chombo ambacho kingetupwa, na hilo si dogo mahali ambapo chombo kipya hakinunuliki.

FUNDI: Nashukuru. Maana nilitaka kumuuliza Mwalimu: ina maana tuiache bunduki ife kwa sababu mwenye risasi ni mgeni?

MWALIMU: Hapana, ami. Nasema tuulize ni ya kazi gani leo. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977. Mtu mwenye leseni hapa anatumia bunduki kwa shabaha kwenye klabu au kwa ulinzi ulioidhinishwa. Kwa kazi hizo hana haja ya kuigeuza Martini. Na ikiwa ni ya kale kweli, tundu lake ndilo ushahidi. Mtutu wa 0.45 unaniambia ni ya kabla ya nini, ilikuja na nani, ililishwa kutoka wapi. Ukiung'oa, umenibakishia chuma chenye mhuri na hadithi iliyokatwa katikati. Ile mizinga miwili ya Ngomeni inafundisha kwa sababu kila mmoja una tundu lake la asili. Ungekuwa mmoja umetobolewa upya kulingana na mwenzake, Karani asingekuwa na mfano.

KARANI: Tena kuna sheria, na hii nataka iandikwe waziwazi. Chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114, mwenye bunduki ana cheti, na cheti kinaitaja bunduki ile na risasi zile. Ukibadili kipenyo, unachokishika sicho kilichoandikwa. Risasi mpya hutauziwa kwa cheti cha zamani, na ukikutwa nazo umevunja sheria hata kama bunduki ni ya halali. Wala si kila mwenye mashine ya kukereza anaruhusiwa kuigusa. Kazi ya kutengeneza na kujaribu silaha ni ya mfanyabiashara aliyesajiliwa. Kwa hiyo Fundi, pamoja na ustadi wako wote, wewe huruhusiwi.

FUNDI: Najua, na sijawahi kuigusa. Nazungumza kama mtu anayekijua chuma. Na nitakuongezea moja upande wako. Uingereza, mtutu uliogeuzwa haurudi mkononi mwa mwenyewe moja kwa moja. Unapelekwa kwenye nyumba ya majaribio, London au Birmingham, unapigwa risasi yenye shinikizo kubwa kuliko la kawaida huku watu wamekaa mbali, kisha ukisalimika unagongwa mhuri mpya. Mhuri wa zamani hauhesabiki tena, kwa sababu uliapia kitu kingine. Nimekuwa nikiwaambia wanafunzi wangu wa karakana: hata boila ukiipandishia shinikizo, ijaribu upya. Kwa nini bunduki iwe na heshima ndogo kuliko boila?

MWALIMU: Basi tukubaliane kwa hili: ikiwa bunduki ni ya kawaida, ina cheti, na mfanyabiashara aliyesajiliwa amepima mwili wake na kitako cha ganda, na mwenyewe anajua risasi atazipata wapi kwa miaka ijayo, siwezi kumzuia.

FUNDI: Na ikiwa ni ya kale?

MWALIMU: Isiguswe. Na kama iligeuzwa zamani, na wenyewe Waingereza, hata ugeuzaji ule usirudishwe nyuma. Martini ya 0.303 ni ushahidi wa 0.303. Mtu asije akaitafutia mtutu wa 0.45 ili aifanye ionekane ya Mbaruk.

KARANI: Na mtutu wa zamani, ukishang'olewa?

MWALIMU: Uhifadhiwe pamoja na bunduki, na iandikwe tarehe na jina la aliyeung'oa.

FUNDI: Hayo ya kuandika nakubali yote. La Martini silikubali. Nasimama na wale waliokaa na chuma kile miaka ya 1890 wakakipima, wakakosea mifereji, wakarudi wakairekebisha. Mwalimu anaona kiwanda cha kodaiti. Mimi naona mwili wa 1871 uliopewa kazi ambayo hakuna aliyeichora kwa ajili yake, na ukaihimili.